Mtandao wa jengo moja, watu sita, jina moja: admin

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye majengo ya kupangisha, kamati za wapangaji na mafundi wenzangu wa hapa Arusha. Hivi karibuni msomaji wako mmoja alilalamika kwamba intaneti ya pamoja katika jengo alilopanga inazimwa na kuwashwa ovyo, akamalizia kwa kuitaka serikali iwabane wanaotuuzia huduma. Mimi kazi hii ya mitandao naifanya mjini hapa tangu enzi za intaneti kafe za kuzunguka Mnara wa Saa, na nadhani amemshika asiyehusika. Mara nyingi intaneti inaingia jengoni ikiwa nzima kabisa. Inaharibikia ndani, kwa sababu kila mwenye shughuli pale ana ruhusa ya kugusa kila kifaa, na wote wanaingia kwa jina moja, admin, lenye mamlaka yote.

Nichukue jengo mojawapo ninalolihudumia, jirani na Barabara ya Sokoine. Chini kuna duka la dawa na duka la vifaa vya ujenzi la mangi mmoja mcheshi. Ghorofa ya kwanza ipo kampuni ya kupeleka watalii mbugani, ya pili ofisi ya wahasibu na chuo kidogo cha ushonaji, na juu kabisa hosteli ya wageni wanaojiandaa kupanda Meru au kwenda Ngorongoro. Waya wa faiba ni mmoja, wanachangia kila mwezi, maana peke yake hakuna anayemudu kasi ile. Baada ya waya huo kuna ruta 1 inayogawa intaneti, swichi 4 za kuunganisha nyaya za vifaa, vituo 11 vya waifai na kamera 16. Nilipokabidhiwa kazi pale, nywila ya ruta ilikuwa imeandikwa kwa maka peni upande wa ndani wa mlango wa kabati lililo chini ya ngazi. Kabati lenyewe halina kufuli. Ndiyo mahali wanapowekea ndoo na ufagio.

Kabla kamati haijakubali kubadili mambo, ikafika tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT. Asubuhi ile wahasibu walikuwa na faili za wateja wao zimepangana mezani, na intaneti yao ikakatika. Iliporudi, ilirudi na kasi ya kutembea kwa magoti. Mtu alikuwa ameipunguza ghorofa ya pili peke yake. Nikaitwa. Nilikuwa nimeshaielekeza ruta itume kumbukumbu zake kwenye kompyuta ndogo iliyomo kabatini, kwa sababu ruta nyingi huziweka kwenye memori ya muda na zikizimwa zinasahau kila kitu. Nikazifungua mbele ya wapangaji. Saa 5:12 admin ameingia. Saa 5:14 admin amebadili kasi. Saa 5:15 admin amewasha ruta upya. Saa 5:31 admin ameingia tena.

Haya, admin ni nani? Meneja wa hosteli alikuwa admin. Kijana wa mapokezi ya kampuni ya utalii alikuwa admin. Mangi alikuwa admin kwa sababu yeye ndiye aliyetoa kabati. Mwalimu wa ushonaji, msimamizi wa jengo, wote admin. Na alikuwepo wa sita, chalii mmoja hodari aliyekuwa akiwashughulikia kompyuta watu wa utalii, ambaye aliacha kazi muda mrefu kabla ya hapo, na ikaja kubainika kuwa simu yake bado inamwonyesha kamera za jengo zima, getini mpaka dirisha la duka la dawa. Hakuwa ameiba kitu. Hakuna aliyemwambia asitazame, na hakuna aliyemtoa. Kumbukumbu ile haikuweza kumtaja mtu, basi watu wakaanza kutajana wenyewe. Mhasibu na mwalimu wa ushonaji, akina mama wawili waliokuwa wakinunua chai pamoja kila asubuhi, hawakusalimiana kwa muda.

Kuna wanaosema sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Lakini hebu jiulize utakwenda kuthibitisha nini mbele ya hakimu, ikiwa idhini yenyewe umeiandika kwa maka peni kwenye mlango, na kila aliyeingia amejiita jina lile lile.

Wapangaji wanaposema "mpe fulani nywila", ndani ya sentensi hiyo kuna maswali matatu ambayo hujibiwa kwa mkupuo bila mtu kuyafikiria: fulani ni nani, atagusa vifaa gani, na atavigusa kufanya nini. Ukimpa nywila ya admin umejibu kwamba ni mtu yeyote, vifaa vyote, na lolote atakalo. Si elimu mpya hii. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975, wakati watu wengi wakigawana kompyuta moja kubwa, kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa ile tu inayohitajiwa na kazi yake. Mwaka 1992 Wamarekani wengine wawili, David Ferraiolo na Richard Kuhn, wakaiweka vizuri zaidi: ruhusa ipewe kazi, kisha mtu aingizwe kwenye kazi hiyo. Akiondoka dada wa mapokezi, unamtoa yeye. Ruhusa za mapokezi zinabaki zikimsubiri atakayekuja.

Na wala haihitaji kununua kitu. Ruta za MikroTik, ambazo mji huu umejaa, zinatoka kiwandani zikiwa na makundi matatu ya watumiaji: la kusoma tu, la kubadili, na la mamlaka yote. Aliye kwenye kundi la kubadili anarekebisha mipangilio lakini hawezi kuongeza mtumiaji mwingine, na unaweza hata kumwekea kwamba aingie kutoka anwani fulani tu. Programu nyingi za kusimamia waifai na kamera zina mgawanyo wa namna hii. Vimelipiwa, vimekaa, havijafunguliwa.

Kwa watu, basi, kazi haikuwa ngumu. Mzee wetu wa getini alipewa akaunti yake ya kutazama kamera mbili, ya geti na ya maegesho, bila uwezo wa kufuta wala kugeuza kitu. Mapokezi ya hosteli wakapewa uwezo wa kuwatolea wageni vocha za waifai na kuviwasha upya vituo vya ghorofa yao. Mhasibu alisema hataki kubadili chochote, anataka tu kuona kama tatizo ni lake au ni la jengo zima, akapewa kusoma. Mimi fundi wa nje ninabadili mipangilio, lakini siongezi watu. Ile akaunti yenye mamlaka yote ipo kwa mwenye jengo, nywila yake imo kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu, na bahasha ikifunguliwa, nywila inabadilishwa na bahasha mpya inafungwa.

Tulikobishana ni kwenye vifaa. Msimamizi wa jengo alitaka tuvigawe kwa aina: kamera zote kundi moja, waifai zote kundi moja, swichi zote kundi moja. Kwenye kioo cha kompyuta inapendeza, na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya kwa kuwa ndivyo vifaa vinavyofungashwa dukani. Nikamwonyesha matokeo yake. Kamera moja ya duka la dawa inatazama kaunta moja kwa moja. Unaona uso wa mteja na boksi la dawa anayokabidhiwa. Ukiziweka kamera zote pamoja na kumpa mlinzi kundi la kamera, umempa mlinzi habari za maradhi ya nusu ya mtaa. Taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu kuwa nyeti. Mwenye duka la dawa hakujua kabisa kwamba video zake zinafika getini.

Kwa hiyo tukagawa kwanza kwa mwenye mali, kisha ndani yake kwa kazi. Vya duka la dawa ni vya duka la dawa, iwe kamera, iwe printa, iwe kituo cha waifai. Vya hosteli ni vya hosteli. Halafu kuna kundi ambalo watu husahau kulitengeneza, la vile ambavyo si vya mpangaji yeyote: ruta kubwa, swichi ya chini inayolisha nyingine zote, kamera za ngazi na geti, betri ya kuviendesha umeme unapokatika. Hivyo tukaviita vya jengo, na hakuna mpangaji hata mmoja mwenye uwezo wa kuvibadili, hata yule anayelipa mchango mkubwa. Hapo palinuka kidogo. Mwenye kampuni ya utalii alisema yeye analipa karibu nusu ya bili, iweje asiweze kuwasha swichi upya. Mwenyekiti wa kamati akamjibu kwamba hata bomba kuu la maji analilipia na hana spana yake.

Kuna printa moja inayotumiwa na wahasibu na chuo cha ushonaji, nayo ilitusumbua kuliko kamera zote. Mwishowe tukaiweka kwa wahasibu, walioinunua, na chuo wakapewa kuchapa bila kuisimamia. Nimeona mahali pengine kifaa cha namna hii kikiwekwa kwenye makundi mawili kwa wakati mmoja, kisha kila upande ukafuta kazi za mwenzake kwenye foleni. Kifaa kimoja, mwenye dhamana mmoja. Wengine waombe.

Na kabla hujagawa, vipe vifaa majina ya kibinadamu. Pale tulikuta kamera zinaitwa 1 mpaka 16 kwa mpangilio wa siku zilipofungwa, na baadhi zilikwishahamishwa. Kamera 7 kwenye programu ilisema ipo maegesho. Ukiitazama unaona majiko ya hosteli. Ukigawa kwa orodha kama hiyo unagawa kwa kubahatisha. Tulipita ghorofa kwa ghorofa na kijana wa msimamizi, anapunga mkono mbele ya kila kamera huku mimi nikiandika: ngazi ghorofa ya 2, kaunta ya dawa, jiko la hosteli. Ilichukua muda kuliko kazi nyingine yote.

Sasa niwaonye wenzangu jambo ambalo linawachanganya hata waliosomea. Kuweka vifaa kwenye kundi ndani ya programu ya usimamizi kunaamua nani atavisimamia. Hakuzuii vifaa hivyo kuonana. Mgeni wa hosteli mwenye laptopu yake bado anaweza kuikuta kompyuta ya duka la dawa kwenye mtandao, hata kama kwenye kioo chako vipo makundi tofauti yenye rangi tofauti. Ili wasionane lazima utenganishe njia zenyewe kwa VLAN, yaani mitandao tofauti inayopita kwenye waya na swichi zile zile, na uiambie ruta ipi iongee na ipi. Kiwango chake, 802.1Q, kilitolewa na chama cha wahandisi cha IEEE mwaka 1998, na kinaruhusu VLAN hadi 4,094 kwenye mtandao mmoja. Sisi tulihitaji 7. Moja kati ya hizo ni ya usimamizi peke yake: kurasa za kuingilia swichi na ruta zinafunguka kutoka huko tu, si kutoka waifai ya wageni. Nimeshaenda kwenye nyumba ya wageni nyingine, nikiwa nimeketi na soda yangu sebuleni, nikaandika anwani ya ruta kwenye simu, ukurasa wa kuingilia ukaja bila shida. Niliishia hapo, lakini mwenye nia nyingine angejaribu nywila ya kiwandani.

Nywila za kiwandani nazo zina historia. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na nywila za kiwandani, na kwa hizo ikateka kamera na ruta kwa maelfu kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Kamera za majumbani hizo, za kulinda geti. Na printa na swichi za zamani zinazosimamiwa kwa SNMP, lugha ya kuulizia na kusimamia vifaa kupitia mtandao, toleo la 1 au la 2 hazina hata habari ya mtumiaji. Anayelijua neno la siri la pamoja, ambalo mara nyingi limeachwa kuwa "public", anasoma taarifa zake. Toleo la 3, lililokamilika kuwa kiwango rasmi mwaka 2002, ndilo lenye majina ya watumiaji na usimbaji, yaani kuzificha taarifa zikiwa njiani. Kama kifaa chako kinaliweza, litumie. Kama hakiliwezi, izime hiyo SNMP.

Najua hoja itakayorudi. Msimu wa Julai, meneja mwenye ruhusa yuko Karatu na wageni, simu haishiki, intaneti ya hosteli imelala saa mbili usiku, utafanyaje? Ndiyo maana mapokezi wana uwezo wa kuwasha upya vituo vyao. Kinachoweza kushindikana mikononi mwao ni kidogo sana, na kikishindikana, bahasha ipo, na atakayeifungua anaandika jina kwenye daftari. Anayedai kila mtu awe na kila kitu kwa sababu ya usiku mmoja kama huo, naomba aniambie akina nani kati ya hao wote wapo kazini saa mbili usiku. Kwenye jengo letu ni wawili.

Kwa majengo makubwa zaidi, au shule yenye maabara mbili na mabweni, kuweka akaunti kwenye kila kifaa kimoja kimoja ni kujitafutia kazi; mtu akiondoka utamfuta kwenye ruta na kumsahau kwenye swichi ya tatu. Hapo akaunti zikusanywe mahali pamoja kwa RADIUS, huduma ambayo vifaa vyote huiuliza kama mtu anaruhusiwa kuingia. Programu yake ya FreeRADIUS ni bure na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Ukimsimamisha mtu pale, amesimamishwa kila mahali. Nasema kumsimamisha, si kumfuta, ili jina lake lisipotee kwenye kumbukumbu za nyuma siku mtakapohitaji kuuliza.

Nimalizie na mafundi wenzangu, ambao najua baadhi watanipigia simu wakifoka. Wapo kati yetu wanaoshika nywila kuu kama hati ya kiwanja. Mteja akitaka kubadili fundi, anaambiwa alipe kwanza, au nywila "imesahaulika". Nimeitwa kwenye jengo ambalo mwenyewe alilinunua pamoja na mtandao wake, fundi wa awali hapokei simu, ikabidi tuchome sindano kwenye kitundu cha riseti kifaa kimoja baada ya kingine na kuanza upya mipangilio yote, kwa pesa ya mwenye jengo. Huo si ufundi. Mteja akikupenda atakuita, nywila awe nayo yeye au wewe. Kwenye mikataba yangu sasa kuna mstari unaosema akaunti ya mamlaka yote ni mali ya mwenye jengo tangu siku ya kwanza, na mimi naingia kwa jina langu. Na kumbukumbu ikinitaja kwamba saa fulani nilibadili kitu kikaharibika, inanilinda pia siku ambayo sikukigusa.

Wenye majengo, kabla ya kulipa ankara ijayo ya fundi, mwambieni awachapie orodha ya akaunti zote zilizomo kwenye ruta, swichi na kamera, na mbele ya kila jina aandike ni ya nani na inagusa nini. Isomeni pamoja na wapangaji. Jina ambalo hakuna anayelijua lisimamishwe hapo hapo mpaka mwenyewe ajitokeze. Kama orodha nzima ina jina moja, mnajua mahali pa kuanzia.

Sisi kikao chetu ni Jumamosi saa nne, hosteli wametuachia ukumbi. Orodha hiyo ni ajenda ya pili, baada ya tanki la maji. Niliomba itangulie, mwenyekiti amekataa.

Fundi wa mitandao,
Kijenge, Arusha